Mbluberi: Kuongeza Mavuno Nyumbani

Mbluberi (wingi: mibluberi) ni kichaka cha jenasi Vaccinium, familia ya Ericaceae. Spishi inayolimwa zaidi, Vaccinium corymbosum, asili yake ni mashariki mwa Amerika ya Kaskazini. Kichaka kilichokomaa na kutunzwa vyema hutoa kilo kadhaa za matunda kwa msimu, lakini wengi wanaokipanda nyumbani huambulia kiganja kimoja. Mara nyingi kasoro iko kwenye udongo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mmea huu ulikuwa bado ukichumwa porini. Mwaka 1910 Frederick Coville, mtaalamu wa mimea katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, alichapisha majaribio yake yaliyoonyesha kuwa mbluberi hudai udongo wenye asidi, na kwamba bustani nono inayostawisha mboga huudhoofisha. Elizabeth White, binti wa mkulima wa Whitesbog, New Jersey, aliyasoma akaungana naye. Aliwalipa wachumaji wa porini wamtafutie vichaka vyenye matunda makubwa, na mwaka 1916 mavuno yao ya kwanza yakaingia sokoni.

Kipimo kinachofaa ni pH 4.5 hadi 5.5. Kikipanda zaidi, mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamejaa ardhini. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Kwa hiyo majivu na chokaa, vinavyosaidia mazao mengine mengi, hapa ni sumu. Mbolea ya CAN (kalsiamu amonia naitreti) nayo haifai, kwa kuwa mbluberi hutumia naitrojeni ya amonia vizuri zaidi kuliko ya naitreti. Ya SA (salfeti ya amonia) ndiyo chaguo bora, kidogo kidogo. Salfa hushusha pH, ila bakteria wa udongoni huchukua miezi kuibadili kuwa asidi, hivyo itiwe mapema kabla ya kupanda. Maji ya kisima yenye chokaa huharibu kazi hiyo yote; ya mvua ni salama. Penye udongo mkaidi, ni heri kupanda kwenye chungu kikubwa chenye magome ya misonobari yaliyooza.

Mizizi haina vinyweleo na hukaa karibu na uso wa ardhi. Hukauka upesi, huoza upesi maji yakituama, na hukatwa na jembe. Matandazo mazito ya magome au vumbi la mbao hutunza unyevu na kuzuia magugu, na machache yanayoota yang'olewe kwa mkono.

Aina nyingi hujichavusha, lakini aina mbili zinazochanua pamoja huzaa matunda makubwa zaidi na yanayowahi kuiva. Usipulizie dawa ya wadudu wakati wa maua: bila nyuki mavuno hupungua sana.

Maua hutokea kwenye matawi yaliyokua msimu uliotangulia. Anayeona huruma kukata matawi hupata kichaka kikubwa chenye vitunda vidogo. Miaka miwili ya mwanzo maua yaondolewe ili mmea ujenge mizizi. Baadaye, kila mwaka, yakatwe mashina machache yaliyozeeka, hasa yaliyopita miaka sita, ili machipukizi kutoka chini yachukue nafasi.

Aina za kaskazini huhitaji mamia ya saa za baridi chini ya nyuzijoto 7 ndipo zichanue, kwa hiyo katika ikweta hazifai. Mashamba ya Kenya, kama yale ya Murang'a, hutegemea aina chotara zisizohitaji baridi nyingi, na mkulima wa Afrika Mashariki aulizie miche ya aina hizo.

Tunda likishakuwa la bluu huendelea kunenepa na kuongeza utamu kwa siku kadhaa likiwa mtini, lakini halikolei sukari likishachumwa. Funika kichaka kwa wavu dhidi ya ndege, kisha chuma tunda linaloachia lenyewe linapoguswa.