Cheti cha maketingi: kabla ya kulipa, tusome historia yetu

Ndugu na dada zangu wenye diploma mkononi, hapa Bunia kuna swali linalorudi kila mwaka: umemaliza lisansi, kazi haionekani, je, utoe tena dola kwa ajili ya cheti cha maketingi? Wengine wanasema ni kutupa feza. Wengine wanasema bila ile karatasi, ONG haitasoma hata sivi yako. Mimi ni mutu wa agronomia, na ninaona sehemu kubwa ya jibu iko katika historia yetu.

Kwanza, kwa nini sisi wa kilimo tulifundishwa udongo, mbegu na magonjwa ya mihogo, lakini kuuza kidogo tu? Si uvivu wa walimu. Wakati wa Wabelgiji, kuuza hakukuwa kazi ya mkulima wala ya monitere wa kilimo. Sheria ya 1917 ililazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, hadi siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, vita vikiendelea, zikapanda hadi 120. Kwa pamba, amri ya 1921 iligawa nchi katika maeneo, na kila eneo likapewa kampuni moja ya kununua. Jirani zetu wa Uele walilima, bei ikapangwa huko juu, wao wakapokea tu. Katika mambo kama hayo, maketingi ya nini?

Mwaka 1933 ikaanzishwa INEAC, kituo chake kikuu cha utafiti kikiwa Yangambi, na kituo kimoja kikawa huku kwetu Nioka. Utafiti wao ulikuwa wa nguvu, lakini swali lao lilikuwa moja: namna gani shamba lizae zaidi. Baada ya uhuru kazi ile ikapita kwa INERA, na vyuo vyetu vikarithi swali lilelile.

Sasa tuangalie karatasi yenyewe. Mwaka 1948 Wabelgiji walileta kadi ya sifa ya kiraia kwa wale walioitwa "évolués", na 1952 wakaongeza immatriculation. Muombaji alichunguzwa hata nyumbani kwake, namna anavyokula na kuishi. Walioipata walikuwa wachache sana, na bado mshahara wao haukulingana na wa mzungu. Karatasi ilikuwepo, lakini mwenye kulipa mshahara hakuitambua.

Mwaka 1960 mambo yakageuka. Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30 kwa nchi nzima, na serikali ilihitaji watu mara moja. Diploma ikafungua kila mlango. Wazazi wetu wengi wamekulia ndani ya kumbukumbu hiyo, njo maana wanauza ng'ombe ili mtoto apate karatasi. Lakini iliyofungua mlango si karatasi peke yake: ilikuwa chache, na kulikuwa na mutu aliyeihitaji. Leo diploma ni nyingi na serikali haiajiri vile. Cheti cha maketingi nacho kitapimwa kwa mambo hayo mawili.

Kujua kuuza, hilo ni jambo lingine. Mwaka 1973, kwa Zairianisation, maduka na mashamba ya wageni yaligawiwa kwa watu wenye mkono mrefu kwa wakubwa, na mengi yalianguka haraka. Mwaka 1983 serikali ikaachilia bei nyingi. Nani aliingia katika nafasi ile? Wafanyabiashara na wamama wa soko, bila cheti chochote. Na hadi leo kahawa nyingi ya Ituri inavuka mpaka kwa magendo, inauzwa kwa jina la Uganda. Sisi tuna zao, jina linabaki kwa mwingine. Hilo ni tatizo la maketingi kabisa, na mwenye kulitatua atakula.

Basi tupige hesabu. HubSpot Academy inatoa masomo na vyeti bure. Unalipa mega na usiku wako. Cheti cha Google cha maketingi ya kidijitali, kilichotoka 2022 kwenye Coursera, kinalipiwa kwa mwezi: ukichelewa kwa sababu ya umeme, unalipa zaidi. Chartered Institute of Marketing ya Uingereza ipo tangu 1911 na inaheshimika, lakini ada ni za pauni. Uliza kwanza kama mwajiri wa Bunia anaijua. Na masomo mengi ya namna hiyo yanadhani barabara iko wazi na mteja ana kadi ya benki. Hapa tuko katika hali ya dharura tangu Mei 2021, na ukitaka kupitisha viazi kwenye RN27, swali la kwanza ni usalama.

Maoni yangu: soma kwanza kwa bure. Kusanya matangazo kumi ya kazi unayoitaka, uhesabu ni mangapi yanaomba hicho cheti. Kama hakuna, feza ile nunua gunia la maharagwe, uliuze, uandike kila gharama na kila bei. Lipa ada siku mwajiri atakapotaja cheti kwa jina. Na ukiwa kwenye mazungumzo ya kazi, daftari lako la mauzo litajibu maswali ambayo karatasi haiwezi kujibu.

Wewe, katika matangazo uliyosoma mwaka huu, ni mangapi yameomba cheti cha maketingi?