Bao: sheria zilizolindwa na ubishi

Julai 2024, kikao cha UNESCO mjini New Delhi kiliutia mji wa kale wa Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu James Kirkman alipoanza kufukua pale mwaka 1948, Gede imepewa karibu kila kitu ambacho mji uliohamwa waweza kupewa: walinzi, makumbusho, vitabu, tiketi ya kuingilia, na sasa heshima ya dunia nzima. Misikiti imepimwa, visima vimechorwa kwenye ramani, vipande vya vyombo vya Uchina vimehifadhiwa. Nafurahi, kama anavyofurahi kila mtu wa pwani ya Kilifi. Lakini sheria ya mchezo haiachi kigae ardhini. Mchimbaji hawezi kuifukua. Isipokaa vichwani mwa watu, imekwenda.

Nasema bao. Bao la Kiswahili lenyewe, la safu nne, mashimo 32 na kete 64, ambalo mpaka leo wazee hulitandika barazani baada ya swala ya alasiri na kulifunika jua likizama. Ni mali ya kale ya pwani hii, na bado ni hai, ila haina mlinzi wala kibao cha kuielezea.

Mwaka huohuo wa 2024, Wamarekani walitimiza miaka 50 ya mchezo wao wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Humo kila mchezaji hujenga mhusika wake, awe shujaa au mchawi, akamwandikia nguvu na udhaifu wake kwenye karatasi, kisha akamwingiza katika visa vinavyosimuliwa palepale mezani. Ulianza na vijitabu vitatu ndani ya sanduku. Maswali ya sheria yakamiminika mpaka jarida la mchezo huo, Dragon, likafungua safu maalumu ya kuyajibu, na mwaka 1980 kikaundwa chama cha kuwaunganisha wachezaji ili mashindano yawe na utaratibu mmoja. Nusu karne tu, na karibu kila swali lina jibu lililochapishwa. Bao lina umri mkubwa kuliko huo, na maswali yake si mepesi hata kidogo. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, jibu limetoka kinywani mwa mtu aliyeketi kando akitazama.

Historia yake iliyoandikwa ni fupi. Edward Steere wa misheni ya Zanzibar alilitaja katika kitabu chake cha Kiswahili cha 1870, ubao wa mashimo 32 na kete za komwe. Mwaka 1966 kiliundwa Chama cha Bao nchini Tanzania, nchi ambayo rais wake, Mwalimu Nyerere, alikuwa mchezaji mwenyewe. Mwaka 1979 Philip Townshend alichapisha katika jarida la Azania, la Nairobi, utafiti wa namna michezo ya mashimo ilivyotapakaa mashariki na kusini mwa Afrika. Kisha mwaka 1995, huko Leiden, Mholanzi Alex de Voogt akatoa Limits of the Mind, kazi kubwa kuhusu mabingwa wa Zanzibar. Mengi nitakayoyasema hapa chini juu ya sheria yanafuata njia aliyoipita yeye, kwa kuwa hakuna aliyezipanga kwa makini kama yake.

Itazame hiyo orodha. Zanzibar imo, Tanzania imo, Nairobi imo, Leiden imo. Lamu nayo ina mashindano yake. Malindi na Kilifi hazimo, ingawa zimelicheza bao kama wenzao.

Kwa kijana ambaye hajawahi kulikaribia, mambo huanza hivi. Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo manane, na kete 32. Kete zenyewe ni komwe, mbegu za kijivu, ngumu, laini kama kokoto, zitokazo kwenye maganda yenye miiba ya mkomwe, mti utambaao vichakani karibu na bahari. Kumi huwekwa ubaoni mwanzoni: sita katika shimo la mraba liitwalo nyumba, na mbilimbili katika mashimo mawili ya kulia kwake. Zile 22 zilizobaki ni za ghala. Katika namua, yaani awamu ya kwanza, kila zamu mchezaji hutoa kete moja ghalani na kuitia katika shimo lake la mbele lenye kitu. Ikiwa shimo la mpinzani linalokabiliana nalo nalo lina kitu, anakula vyote vilivyomo na kuvisambaza upande wake kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, kushoto au kulia. Akila kwenye kimbi, yaani mashimo mawili ya mwisho wa safu, hana hiari: huanzia kichwa cha upande huo. Kete ya mwisho ikiangukia penye kitu, anaendelea. Ikiangukia patupu, amelala. Na mwenye nafasi ya kula hana ruhusa ya kuiacha.

Hapo kwenye nyumba ndipo mchezaji anapojengeka. Nyumba ikiwa bado ni yake na ina kete sita au zaidi, na baada ya kula kete yake ya mwisho ikaangukia humo, katika namua ana hiari: alale pale, au aichukue yote aende nayo safari. Mmoja huilinda nyumba yake mpaka ghala linakwisha, anaingia mtaji, awamu ya pili, akiwa na akiba ya kutisha. Mwingine huitoa mapema, anaimwaga ubao mzima, anavuruga hesabu za mwenzake na zake pia. Nyumba ikishaliwa au kusafirishwa, hairudi kuwa nyumba tena; linabaki shimo la mraba tu. Wanaokaa barazani humjua mtu kwa jambo hilo kabla hawajamjua kwa jingine. Mashujaa wa Gygax hujengwa kwa kalamu kabla ya mchezo kuanza. Mchezaji wa bao hujengwa na zamu zake mwenyewe, mbele ya watu, mwaka baada ya mwaka, na hakuna karatasi anayoweza kuifuta.

Lakini sheria ambayo imegombanisha watu zaidi ya zote ni kutakasia, nayo inastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu wengi wanaodai kulijua bao huishia hapo.

Tuko mtaji. Kete zote ziko ubaoni. Sasa mchezaji anachukua shimo lake lenye kete mbili au zaidi na kuzisambaza. Kete ya mwisho ya mzunguko ule wa kwanza ikiangukia penye kitu safu ya mbele, na mkabala wake pana kitu, anakula. Ila shimo lenye kete 16 au zaidi halina ruhusa ya kula. Upande wa mchezaji una mashimo 16, kwa hiyo kete 16 humaliza duara zima. Na mzunguko wa kwanza usipokula, zamu yote ni ya kutakata: atazunguka, atachota, atasambaza tena, lakini hatakula hata kama mbele yake pamejaa.

Tuseme wewe huna cha kula, ukatakata. Ulipolala, shimo lako la tatu la mbele lina kete tatu, na la sita lina moja. Mkabala wa hilo la sita mwenzako ana kete tisa. Zamu yako ijayo, zile tatu zitafika la nne, la tano, la sita, na tisa zake zitakuwa zako. Yeye anaiona hatari hiyo, na mkono wake unakwenda kwenye zile tisa azihamishe. Hapo watazamaji wanapaza sauti: "Usiiguse, imetakasiwa!"

Imetakasiwa iwapo masharti yote yametimia. Wewe uwe umetakata, hukula. Yeye asiwe na shimo lolote la kula. Na katika safu yake yote liwe ni shimo hilo moja tu unaloweza kulila zamu ijayo. Yakiwa mawili, hakuna kutakasia, ahamishe alipendalo. Yakitimia yote, shimo lile limefungwa, na lazima acheze kutoka kwingine. Kisha kuna vighairi vitatu. Halifungwi likiwa ni nyumba yake ambayo bado hajaipoteza. Halifungwi likiwa ndilo pekee lenye kitu katika safu yake ya mbele. Halifungwi likiwa ndilo pekee la mbele lenye kete zaidi ya moja.

Fikiria ugomvi unaoweza kutoka hapo. Mmoja atadai kuna shimo la pili lililokuwa hatarini, kwa hiyo kutakasia kumevunjika. Mwingine atamjibu kuwa shimo hilo la pili lingeliwa na kete 16, na 16 hazili. Wa tatu atasema mwenye kufungwa alikuwa na mlo kushoto ambao hakuuona, na kwa hiyo alilazimika kula, mazungumzo ya kufungwa yasingekuwapo kabisa. Kila dai linahitaji hesabu, na hesabu inafanywa kwa macho na kichwa. Ndiyo maana ubishi wa kutakasia hauishi kwa kelele peke yake. Mtu lazima aoneshe shimo kwa shimo, na kete zikiwa zimeshavurugwa ubaoni, anazirudisha mahali pake kwa kumbukumbu, mbele ya watu kumi wanaomsubiri akosee. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyesimama nyuma ya bega la babu yake husikia sheria ile, na vighairi vyake, na sababu zake, mara nyingi kwa wiki. Hakuna darasa lililomfundisha.

Mimi naamini kutakasia ndiko kunakolipa bao heshima yake. Ni sheria ya mtu aliyekosa cha kula. Bila hiyo, aliyeishiwa angekuwa anatakata tu akingoja kufa. Kwa sheria hiyo, anaweza kumshika mwenye mali penye mali yake kubwa. Na bado inampa mshikwa stara: nyumba yake haiguswi, na shimo lake la mwisho la mbele lenye uhai halifungwi. Watu waliotunga hayo walifikiri kwa kina juu ya uhasama, na juu ya mipaka yake.

Swali jingine ni la zamu isiyokwisha. Kila mchezaji mzoefu amewahi kuona mtu anatakata, anazunguka, anachota, anazunguka tena, mpaka kahawa inapoa. Baadhi walisema inawezekana isimalizike kamwe, wengine wakawaona wanatia chumvi. Miaka ya 2000 mwanzoni, watafiti wa kompyuta wa Maastricht, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, walioshirikiana na de Voogt, walilitia bao katika programu. Mizunguko isiyo na mwisho ipo kweli.

Tangu hapo ni kidogo cha kusimulia. Bao limeingia kwenye simu. Kwenye mabaraza mengi drafti ya vizibo vya soda imechukua nafasi, kwa kuwa hujifunzwa kwa siku moja. Na katika maduka ya vinyago kando ya bahari, mgeni huuziwa kibao cha safu mbili na mashimo sita kila upande, kinachokunjwa katikati, akaambiwa ndilo bao la pwani. Kibao hicho hakina nyumba, hakina kimbi, wala nafasi ya kutakasia. Huo ni mchezo wa watu wengine, nao ni mzuri kwao. Inaniuma kuona unauzwa kwa jina letu, hatua chache kutoka kwa watu wanaolijua bao lenyewe na ambao hakuna aliyewauliza.

Wengine hawakungoja kuulizwa. Desemba 2020, Kazakhstan, Kirgizistani na Uturuki zilifaulu kuitia michezo yao ya jamii hiyohiyo ya mashimo na kete katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Kenya ilikwishaijua njia hiyo: mila za Kaya za Wamijikenda, zikiwamo za hapahapa Kilifi, ziliingizwa mwaka 2009 kama urithi unaohitaji kuokolewa haraka.

Na nyumbani hatuhitaji hata kufika huko. Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti shughuli za utamaduni. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazitaka kaunti ziwe na daftari la maarifa hayo. Kaunti ya Kilifi ina nafasi ya kuandika humo bao la Kiswahili kama linavyochezwa kwake: namua na mtaji, nyumba na safari yake, kutakasia na vighairi vyake. Pale baraza moja inapotofautiana na nyingine, yaandikwe yote mawili, bila kumpa ushindi yeyote. Tofauti hizo nazo ni historia. Kazi hiyo haitaki mchimbaji. Inataka karani mvumilivu, daftari, na wazee wanne au watano walipwe kwa muda wao kama tunavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote. Makumbusho ya Malindi, katika Nyumba ya Nguzo, yanaweza kuweka mabao mawili na mikeka, na Jumamosi moja kwa mwezi akakaribishwa fundi wa kucheza na wanafunzi, wakianza na bao la kujifunza, kete mbilimbili kila shimo, kabla ya kukabidhiwa ghala.