KUJITEGEMEA BILA KUUACHA UKOO: HABARI ZA WAOJIBWE WA AMERIKA YA KASKAZINI



Katika kitabu hiki cha mwaka huwa twaweka hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka: ada, rambirambi, karo za watoto, na gharama za kusafirisha maiti hadi nyumbani. Hesabu hiyo ni ya lazima. Lakini yafaa pia tutazame jinsi watu wengine walivyosaidiana, ili tupate kujipima. Basi twawaletea habari za Waojibwe, kabila ambalo kwa miaka mingi lilisaidiwa na watu wasiolijua, likadhoofika kwa misaada hiyo, kisha likaanza kujisaidia lenyewe.

Waojibwe hujiita Anishinaabe. Katika mapatano ya serikali waliandikwa Chippewa. Nchi yao imelizunguka Ziwa Superior, sehemu moja Marekani na sehemu nyingine Kanada. Wazee wao husimulia ya kwamba zamani walikaa mashariki, karibu na bahari ya Atlantiki, wakaambiwa na manabii wao wasafiri kuelekea machweo mpaka waione nchi ambako chakula huota juu ya maji. Chakula hicho ni manoomin, nafaka mfano wa mpunga, ambayo humea yenyewe katika maziwa yao. Kila mtu ana ukoo wake, na kila ukoo una jina la mnyama, ndege au samaki. Ukoo hufuata upande wa baba, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Wazee wetu hawatahitaji kufafanuliwa zaidi.

Mwaka wa 1837 Waojibwe waliiachia serikali ya Marekani nchi kubwa katika sehemu ambazo leo ni Wisconsin na Minnesota. Katika mapatano hayo walijiwekea haki ya kuendelea kuwinda, kuvua samaki na kuvuna manoomin katika nchi ile ile. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hilo, kwa maana litarudi mbele.

Malipo ya kila mwaka waliyoahidiwa yalikuwa yakitolewa La Pointe, katika kisiwa cha Ziwa Superior. Mwaka wa 1850 wakubwa waliyahamishia Sandy Lake, mbali upande wa magharibi, wakikusudia watu wanaswe na baridi huko wasiweze kurudi kwao. Watu walifika majira ya kupukutika kwa majani, wakangoja wiki nyingi. Chakula walichopewa kilikuwa kimeoza, maradhi yakaingia, na malipo kidogo yalipotolewa theluji ilikuwa imekwisha kuanguka. Wapatao 400 walikufa, wengine pale pale, wengine njiani wakirudi kwao kwa miguu. Ndipo mwaka wa 1852 mzee Kechewaishke, ambaye Waingereza na Wamarekani walimwita Buffalo, umri wake ukiwa wapata miaka 90, aliposafiri kwa mtumbwi na wenzake kwenda kumwona Rais Fillmore huko Washington. Amri ya kuwahamisha ikafutwa, na kwa mapatano ya mwaka wa 1854 wakawekewa maeneo yao ya kukaa, ambayo wazee wetu wangeyaita rizavu.

Baada ya hapo ilikuja misaada. Mwaka wa 1879 ilifunguliwa shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania, na nyingine nyingi zikaiga mfano wake. Watoto walitolewa kwa wazazi wao, wakakatwa nywele, wakaadhibiwa waliponena lugha ya mama zao. Na wenye kufanya hayo waliamini wanawatendea wema. Mwaka wa 1887 sheria iliamuru ardhi ya kabila igawanywe vipande vipande kwa mtu mmoja mmoja, ati kila mtu awe mkulima. Katika eneo la White Earth, Minnesota, lililotengwa mwaka wa 1867, sehemu kubwa ya ardhi iliangukia mikononi mwa wageni katika muda wa maisha ya mtu mmoja, kwa kodi, kwa deni na kwa hila.

Msaada wa tatu ndio uliouma kuliko yote. Maofisa wa ustawi walipofika katika nyumba za wenyeji asilia na kumkuta mtoto akilelewa na nyanya yake, waliandika ya kwamba ametupwa na wazazi. Umaskini wa nyumba waliuhesabu kuwa uzembe. Uchunguzi wa miaka ya 1969 na 1974 ulionyesha ya kwamba katika kila watoto 100 wa wenyeji asilia wa Marekani, kati ya 25 na 35 walikuwa wametengwa na jamaa zao, wakiwekwa katika nyumba za wageni au katika mabweni. Mzee anayesoma habari hizi na ahesabu wajukuu wake, kisha atoe mmoja katika kila watatu au wanne. Ndivyo ilivyokuwa.

Wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kuhamia mijini kutafuta kazi, hasa Minneapolis. Walikaa karibu na barabara ya Franklin, katika nyumba mbovu, na polisi walizoea kuwakamata kwa wingi siku za mwisho wa juma. Mwezi wa Julai 1968 walikutana na kuunda chama chao, American Indian Movement. Miongoni mwa waanzilishi walikuwamo Dennis Banks na Clyde Bellecourt, wote wawili Waojibwe. Chama hicho kilijulikana duniani kwa maandamano makubwa, lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa ndogo na ya mtaani: vijana walizunguka usiku katika barabara ya Franklin, wakiwaangalia polisi na kuwafikisha walevi majumbani mwao kabla hawajakamatwa. Mwaka wa 1972 wazazi walianzisha shule zao wenyewe, moja Minneapolis na nyingine Saint Paul, ambamo watoto walifundishwa hesabu na kusoma pamoja na lugha na desturi zao. Shule hizo zilifungwa baadaye, lakini ziliwaonyesha wengine njia. Mwaka wa 1975 ilifunguliwa nyumba kubwa ya mikutano, Minneapolis American Indian Center, katika barabara ile ile ya Franklin. Nayo ingali ikiwahudumia watu hadi leo.

Mwaka wa 1978 Bunge la Marekani lilipitisha sheria juu ya watoto. Kwa sheria hiyo, mtoto wa kabila akiwa hana budi kuondolewa kwa wazazi, kwanza hutafutwa jamaa zake. Wakikosekana, watu wengine wa kabila lake. Na baadaye jamaa za makabila mengine ya wenyeji asilia. Kabila nalo lina haki ya kusimama mahakamani na kusema juu ya mtoto wake. Wapinzani waliipeleka sheria hiyo mbele ya Mahakama ya Juu, na mwezi wa Juni 2023 majaji saba kati ya tisa waliithibitisha. Hata hivyo kazi haijakwisha: huko Minnesota watoto wa wenyeji asilia wangali wakitolewa majumbani kupita kiasi cha idadi yao.

Sasa twarudi kwenye haki ile ya mwaka wa 1837. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na Waojibwe walijua ya kwamba hawatasimama kwa ruzuku peke yake. Kwa miaka mingi walikamatwa walipovua samaki nje ya maeneo yao. Mwaka wa 1983 mahakama ya rufani iliamua ya kwamba haki ya Waojibwe wa Wisconsin ingali hai. Mwaka uliofuata makabila yao yakaunda halmashauri ya pamoja ya kutunza samaki, wanyama na manoomin. Walipoingiza mashua majini walitupiwa mawe na matusi na watu wa nchi ile, lakini hawakurudi nyuma. Mwaka wa 1999 Mahakama ya Juu iliamua vivyo hivyo kwa watu wa Mille Lacs, Minnesota.

Uvunaji wenyewe ni mafunzo. Wawili huingia katika mtumbwi mwishoni mwa Agosti au Septemba. Mmoja husukuma kwa mti mrefu, mwingine huinamisha mabua kwa kijiti na kuyapiga polepole kwa kijiti cha pili. Punje nyingine huachwa zianguke majini, ziwe mbegu ya miaka ijayo. Kisha nafaka hukaangwa, hukanyagwa na kupepetwa. Huko White Earth, Winona LaDuke alianzisha mwaka wa 1989 mpango wa kununua tena ardhi iliyopotea, na mpango huo ukauza manoomin ili kujipatia fedha. Makabila mengine yamefungua nyumba za kamari; watu wa Mille Lacs walifungua yao mwaka wa 1991, wakajenga shule na zahanati kwa faida yake. Sisi hatusifu kamari, lakini lazima tuseme kweli: fedha hizo zilirudi kwa watoto na wazee.

Katika eneo la Lac Courte Oreilles, Wisconsin, ilianzishwa mwanzoni mwa karne hii shule ambayo masomo yake hufundishwa kwa Kiojibwe. Jina lake ni Waadookodaading, yaani, mahali ambapo watu husaidiana. Waliochagua jina hilo walikuwa watoto na wajukuu wa watu walioadhibiwa kwa kuinena lugha ile.

Ndugu wanachama, twawaachieni neno moja la kufikiri katika mkutano mkuu. Tunapomlipia mtoto karo, je, tumeuliza ni nani amlelea, na kama aweza kuzungumza na nyanya yake? Swali hilo halimo katika hesabu zetu za mwaka huu. Twaomba halmashauri iliweke katika hesabu za mwaka ujao.