Wakfu na Udugu katika Chuo cha Al-Azhar

Vyuo vingi vimejengwa duniani kwa mawe mazuri na minara mirefu, kisha vikafa, vikabaki makao ya popo. Al-Azhar ya Misri imepita miaka elfu moja, na hata leo wanafunzi wangali wakiingia milangoni mwake. Dola iliyoijenga imekwisha zamani, na dola nyingi zilizofuata zimekwisha pia. Basi yafaa kuuliza ni kitu gani kilichoidumisha. Historia yake yaonyesha nguzo mbili: wakfu uliowalisha watu wake, na udugu wa wanafunzi waliokaa pamoja.

Msikiti wa Al-Azhar ulianza kujengwa mwaka wa 970 kwa amri ya Jawhar, jemadari wa Makhalifa wa Kifatimi, baada ya kuiteka Misri na kuuanzisha mji wa Kairo. Ukafunguliwa kwa sala mwaka wa 972, na haukupita muda mrefu darsa zikaanza humo. Mwaka wa 988 Waziri Yaqub bin Killis alimwomba Khalifa al-Aziz awape mafakihi 35 posho ya kudumu, wakajengewa na nyumba kando ya msikiti. Tangu hapo mwalimu akawa na riziki na mahali pa kulaza ubavu, akaweza kusomesha kwa moyo mtulivu.

Posho ya mfalme, hata hivyo, hufa pamoja na mfalme. Kwa hiyo katika mwaka wa Hijria 400, baina ya 1009 na 1010, Khalifa al-Hakim aliwekea wakfu msikiti huo pamoja na nyumba nyingine za ibada na elimu. Majengo ya kupangisha yalitengwa, na kodi yake ikapangiwa matumizi: mishahara ya khatibu na waadhini, mikeka, mafuta ya taa, ubani, hata mifagio. Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Faida yake tu ndiyo itumikayo. Mtoaji akifa, taa haizimiki.

Lakini wakfu wataka walinzi. Salahuddin alipouondoa utawala wa Kifatimi mwaka wa 1171 na kuirudisha Misri katika madhehebu ya Sunni, sala ya Ijumaa ilikatazwa Al-Azhar, ikaswaliwa kwingine. Karibu miaka mia ikapita, na mali nyingi za msikiti zikaingia mikononi mwa watu. Aliyeinuka kuutetea alikuwa jirani yake, Amiri Izzuddin Aydamur. Alizidai mali zilizonyakuliwa mpaka zikarudi, akatoa na fedha zake mwenyewe kwa matengenezo. Mwaka wa 1266, katika enzi ya Sultani Baybars, hutuba ya Ijumaa ikasikika tena.

Nguzo ya pili ilikuwa riwaki. Riwaki ni baraza ya msikiti yenye nguzo, na kila kundi la wageni lilipewa yake: hapo walisoma, walikula, na walilala. Mwanahistoria al-Maqrizi aandika kwamba mwaka wa Hijria 818, yaani 1415, wakazi maskini wa Al-Azhar walifika 750. Walikuwamo Waajemi, Wamaghribi, watu wa mashamba ya Misri, na watu wa Zeila kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki upande wa Somalia. Mtu aliyetoka mbali, asiye na baba wala mjomba katika Kairo, aliwakuta wenzake wa lugha yake, akakalishwa mkekani.

Mwaka huo huo udugu huo ulipatwa na msiba. Amiri mmoja aliyekabidhiwa usimamizi wa msikiti aliamuru wakazi wote watolewe. Masanduku na makabati yao yakatupwa nje, wakapigwa, na vitu vyao vikaibwa. Haukupita muda amiri huyo naye akakamatwa na kutiwa kifungoni. Wanafunzi hawakudhulumiwa na adui wa nje. Walidhulumiwa na yule aliyepewa amana ya kuwatunza.

Riwaki hazikufa. Katika zama za Waturuki ziliongezeka: za Washami, za watu wa Misri ya Juu, za Wasudani, na ya Wajabarti wa upande wa Habasha, ambayo ushekhe wake ulikaa muda mrefu katika ukoo wa mwanahistoria Abdulrahman al-Jabarti. Vipofu nao walijengewa mahali pao. Kila riwaki ilikuwa na shekhe wake na vitabu vyake, na wanafunzi waligawiwa mikate kutokana na wakfu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muhammad Ali alipotwaa mashamba mengi ya wakfu, ulamaa walipungukiwa na mali yao, na pamoja na mali uhuru wao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mji mzima wa mabweni ulijengwa Kairo kwa wanafunzi wa nchi za nje, na sheria ya 1961 ikaongeza masomo kama uganga na uhandisi.

Habari hizi si ngeni kwa Waislamu wa Uganda. Mkutano wa mataifa ya Kiislamu uliofanyika Lahore mwaka wa 1974 uliazimia chuo kikuu kijengwe katika nchi hii, na mwaka wa 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kikafungua milango yake Mbale kwa wanafunzi 80. Wakfu na ulinzi wake ni mambo ya kila jamaa. Mwenye duka aweza kutenga chumba kimoja cha kupangisha, mwenye shamba aweza kutenga safu za mibuni, na mwenye elimu ya hesabu aweza kukagua daftari za amana ili mali isiliwe. Jengo la chuo hufunguliwa siku moja kwa hotuba na sherehe. Mkate wa mwanafunzi hutakiwa kila siku.