Orodha ya Zawadi na Hongo ya Njia ya Misafara



Wapendwa waamini, kila msimu wa harusi swali lile lile hurudi kwetu. Kamati imekwisha kukutana, kadi za mchango zimegawanywa zikiwa na kiwango, na akina mama wanaomfunda bibi harusi wameandika orodha ya vyombo: masufuria, vikombe, mashuka, jiko. Mwalikwa anauliza: Je, ninapaswa kuifuata orodha hii, au naweza kuleta kile nilichojaliwa? Kabla ya kujibu, tuitazame historia ya nchi hii tunayoikanyaga, kwa maana wazee wetu walilijua swali hili kabla yetu.

Lusu yetu ipo kaskazini mwa Tabora, upande ule ambao misafara iliyotoka Unyanyembe ilielekea Nyanza. Mwaka 1858 Speke alisafiri kutoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, hadi kuliona ziwa hilo. Katika njia hizo fedha haikuwa sarafu. Msafiri alibeba vitambaa na shanga, navyo vilichukuliwa mabegani mwa wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Kipimo kilikuwa doti, yaani mikono 8 au yadi 4. Kaniki ilitoka Bara Hindi. Merikani, kama jina linavyotangaza, ilifumwa Marekani na kuletwa Unguja kwa merikebu.

Hapo ndipo lilipokuwa fumbo. Haikutosha kuwa na mali nyingi. Ilibidi kuwa na mali inayotakiwa. Mwaka 1871, kabla ya kuanza safari ya kumtafuta Livingstone, Stanley aliwauliza wafanyabiashara Waarabu ni kitu gani kinapokelewa wapi. Alijifunza kwamba shanga nyeusi zilipendwa Ugogo lakini hazikuwa na thamani kwingineko, na kwamba zile kubwa zilizoitwa sungomaji zilipokelewa Ujiji na kukataliwa mahali pengine. Aliyefungasha bila kuuliza aliwatwika watu mzigo wa bure kwa mamia ya maili. Hili ni fundisho la kwanza: kumuuliza mwenzako anahitaji nini si aibu wala tamaa, bali ni heshima. Masufuria sita yanayofanana ndani ya nyumba isiyo na blanketi ni shanga nyeusi zilizofika Ujiji.

Lakini historia hiyo ina upande wa pili. Katika nchi kavu ya Ugogo misafara ililipa hongo kwa watemi. Tusiwahukumu Wagogo kwa haraka. Msafara wa mamia ya watu ulikunywa maji ya wenyeji na kununua nafaka yao, na mgeni kumkirimu mwenye nchi ni jambo la haki. Hata hivyo, mara nyingi ukarimu huo uligeuka kuwa madai. Mtemi alituma watu wake kusema anataka doti ngapi na za namna gani. Kilichopelekwa kikirudishwa kwa kuwa ni kidogo, majadiliano yakaanza upya. Siku ikapita, pengine na nyingine, na wapagazi waliendelea kungoja huku chakula kikipungua. Wamisionari wa Afrika wa msafara wa kwanza, waliotoka Bagamoyo mwaka 1878, walipita katika njia hiyo hiyo; Padre Joachim Pascal alifia Ugogo, kabla wenzake hawajafika Tabora.

Hebu tutafakari lililolipata neno lenyewe. Zamani hongo ilikuwa haki ya mwenye nchi, iliyotolewa mchana kweupe. Leo, mtu akisema “hongo”, sote tunaelewa rushwa. Lugha yetu imehifadhi kumbukumbu: kipaji kikishalazimishwa, huharibika hata jina.

Wapendwa, je, kadi zetu hazijaanza kuielekea njia hiyo? Wapo wanaokopa ili majina yao yasisomwe miongoni mwa waliokosa kutimiza ahadi. Wapo wanaowakwepa ndugu zao barabarani mpaka harusi ipite. Na lililo zito zaidi, wapo wachumba wanaoishi pamoja miaka mingi bila Sakramenti ya Ndoa, wakisema bado hawajapata fedha za sherehe. Kanisa halijamdai mtu yeyote ukumbi, keki wala gari lililopambwa. Linahitaji ridhaa ya hao wawili iliyo huru, mhudumu wa Kanisa na mashahidi wawili. Ikiwa orodha yetu imesimama kati ya watu wawili na altare, basi tumekuwa watoza hongo katika njia ya neema.

Maandiko Matakatifu yanatupa karamu mbili za kutuongoza. Kule Kana, Mama Maria aliona kwamba divai imewaishia. Hakungoja kuombwa, alilitambua hitaji na kulipeleka kwa Mwanawe. Kule Bethania, Maria ndugu yake Lazaro aliipaka miguu ya Yesu marhamu ya thamani kubwa. Yuda alikuwa na orodha yake: alikwisha kupiga hesabu ya dinari 300, akataka ziende kwingine. Bwana aliipokea zawadi ile ambayo hakuna aliyeiorodhesha. Basi hitaji lina sauti yake, na upendo nao una sauti yake; mkristo huzisikiliza zote mbili.

Jibu letu, kwa hiyo, ni hili. Ewe mtoaji, ikiwa orodha ipo na uwezo unao, ifuate; usimnunulie mwenzako kile kinachokupendeza wewe. Ikiwa huna uwezo, leta ulicho nacho bila haya: kuku, debe la mahindi, au mikono yako ya kuteka maji na kupika. Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nanyi wenye sherehe, andikeni orodha ili kumsaidia anayeuliza, wala msiifanye kipimo cha kuwapima watu mlangoni. Kwa mama aliyejifungua iwe vivyo hivyo: sabuni na unga wa uji vyaweza kumfaa kuliko nguo ya mtoto itakayombana baada ya mwezi mmoja, lakini jirani aliyekuja mikono mitupu ili amfulie nepi, naye ameleta zawadi.

Mungu aliye mtoaji wa mema yote atujalie macho ya kuona hitaji, na moyo wa kupokea kwa shukrani hata kile ambacho hatukukiomba. Tunawatakieni Dominika njema.