Stika, Gundi na Rangi ya Bodaboda: Historia Fupi ya Kasese na Bwera

Katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, pikipiki ya kukodiwa ni mtaji kabla ya kuwa chombo cha safari, na kwa sababu hiyo rangi ya tangi lake si suala la urembo peke yake: mnunuzi wa pikipiki iliyokwisha kutumika huitazama kabla hajaiwasha, na tangi lililochunika humpa hoja ya kushusha bei. Kazi ya kubandua stika na kuondoa ulimbo unaosalia, yaani utando wa gundi unaonata baada ya stika kutoka, inastahili basi kupewa historia yake, nayo ni historia ya vitu viwili vilivyofika Kasese kwa njia tofauti: chombo cha magurudumu mawili, na gundi inayoshika kwa kukandamizwa tu.

Reli ilifika Kasese mwaka 1956 ili kubeba shaba ya Kilembe, iliyochimbwa chini ya milima ya Rwenzori na kuyeyushwa Jinja, na mji ukakua kukizunguka kituo hicho cha mwisho. Machimbo yalipodhoofika katika miaka ya 1970 na hatimaye kusimama, na reli nayo ikaja kuachwa, tegemeo la biashara likabaki kuwa barabara, hasa ile inayoshuka kusini hadi Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta, kisha ikageuka magharibi kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe, ambako mto Lhubiriha unaitenga Uganda na Kasindi ya Kongo. Uchukuzi wa abiria kwa baiskeli, ulioanzia Busia kwenye mpaka wa mashariki katika miaka ya 1960, ulienea nchini, na kuanzia miaka ya 1990 pikipiki zikaanza kuchukua nafasi ya baiskeli hizo.

Alama za baiskeli nyeusi za chuma za zamani hazikuwa stika. Zilichapwa juu ya karatasi maalumu, zikaloweshwa maji, zikatelezeshwa juu ya rangi, kisha zikafunikwa kwa vanishi, yaani tabaka angavu la kuikinga rangi iliyo chini yake. Kwa hiyo hazikuwa na ukingo wa kushikwa kwa ukucha, na aliyetaka kuziondoa alilazimika kukwangua vanishi pamoja na rangi.

Gundi inayoshika kwa kukandamizwa, kinyume chake, ilizaliwa kutokana na uchungu wa rangi iliyochunwa. Katika miaka ya 1920 magari ya rangi mbili yalipendwa sana Marekani, na wapaka rangi waliofunika sehemu moja kwa karatasi ili wapake nyingine waliharibu kazi yao wenyewe walipobandua kile walichokibandika, mpaka Richard Drew, mfanyakazi wa kampuni ya 3M huko Minnesota, alipotengeneza mwaka 1925 utepe ulioshika kiasi cha kutosha na kuachia bila kuondoka na rangi. Mwaka 1935 R. Stanton Avery wa Los Angeles akaanza kutengeneza lebo zilizobeba gundi yake mgongoni, zisizohitaji maji wala moto, na stika za leo zimetokana na lebo hizo. Tofauti yao na utepe wa Drew ni kubwa: utepe ulikusudiwa kutolewa mapema, ilhali stika hukusudiwa kudumu, na aibanduaye hupingana na nia ya aliyeitengeneza.

Pikipiki za India, hasa Bajaj Boxer na TVS, ndizo zilizoeneza biashara ya bodaboda hadi vijijini, na juu ya matangi na madigadi yake stika zikapata kazi nyingi: kutaja imani ya dereva, timu yake ya mpira, steji yake, au mgombea wake wakati wa uchaguzi. Kazi nyingine, isiyosemwa sana, ni kuficha mkwaruzo, na pengine hiyo ndiyo sababu bora kuliko zote ya mnunuzi kutaka stika ibanduliwe mbele ya macho yake.

Kasese imelala katika sakafu ya Bonde la Ufa, penye joto na vumbi, na jua lake ndilo adui wa kwanza wa kazi ya kubandua. Stika nyingi ni za vinili, plastiki iliyolainishwa kwa kemikali ambazo joto huzifukuza kidogo kidogo. Vinili ikikauka hukatika vipande vidogo, huku gundi yake ikigandamana na rangi na kunasa mchanga. Anayesugua ulimbo wa namna hiyo kwa kitambaa kikavu huwa anaipiga rangi msasa bila kujua. Kwa hiyo kazi huanza kwa maji na sabuni, kisha kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto hulazwa juu ya stika hadi gundi ilegee, na kona ikiinuliwa kwa kadi ya plastiki, kamwe si kwa kiwembe, stika huvutwa polepole ikiwa imekunjwa kujirudia juu ya mgongo wake, kwa kuwa kuivuta wima huzidisha nguvu inayoing'oa rangi.

Ulimbo unaosalia huondolewa kwa mafuta ya kupikia yaliyoachwa yaloweke, au kwa mafuta ya taa kidogo yaliyojaribiwa kwanza mahali pasipoonekana, kisha pote huoshwa tena kwa sabuni. Hapa ndipo fundi hana budi kuijua historia ya pikipiki iliyo mbele yake. Rangi ya kiwandani iliyokaushwa kwa joto juu ya tangi la chuma huvumilia mengi, lakini ile iliyopuliziwa mtaani na kukaushwa kwa hewa huweza kuyeyuka kwa thina mara moja. Na asetoni, iliyomo katika baadhi ya viondoa rangi ya kucha, hula hata plastiki ya vifuniko vya pembeni. Petroli, ambayo haikosekani kwa dereva yeyote, ni hatari ya moto karibu na injini yenye joto, na wepesi wa kuipata hauifanyi kuwa dawa inayofaa.

Baadhi ya pikipiki hutoka kiwandani alama zake zikiwa chini ya tabaka angavu, kama za baiskeli za kale, na hizo hazina njia ya kutoka isipokuwa kwa kupaka tangi upya. Stika zilizobandikwa juu ya tabaka hilo zikitoka salama, mara nyingi huacha eneo lenye rangi iliyokolea kuliko pembeni, kwa kuwa jua halikulifikia. Nta ya kung'arishia hupunguza tofauti hiyo pasipo kuimaliza, na mnunuzi makini wa Bwera anaweza kusoma hapo ukubwa wa stika iliyokuwapo.