Upepo Hauna Bwana

Mwaka 1849 majeshi ya Austria yaliuzingira mji wa Venice, uliokuwa umejitangazia jamhuri mwaka mmoja kabla. Mji huo umekaa juu ya visiwa, na maji yakauweka mbali na mizinga. Ndipo Franz von Uchatius, afisa wa mizinga, alipobuni maputo ya hewa moto, kila moja likining'iniza bomu lenye utambi wa kuungua kwa muda uliokadiriwa. Hapakuwa na mtu ndani yake; nahodha alikuwa upepo. Upepo ukageuka, na baadhi ya maputo yakarejea juu ya vichwa vya walioyarusha. Venice ilisalimu amri mwezi wa Agosti, lakini kilichoushinda mji zaidi ni njaa na kipindupindu.

Baadaye wavumbuzi waliupokonya upepo usukani. Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliongoza mashua ndogo kwa mawimbi ya redio. Mwaka 1918 Mmarekani Charles Kettering akaunda ndege ya mbao isiyo na rubani: gurudumu lizungukalo kwa kasi lilishika mwelekeo, barometa ilipima kimo, na mizunguko ya injini ilihesabiwa, idadi ilipotimia, mabawa yaling'oka na ndege ikaanguka na bomu lake. Vita vilikwisha kabla haijatumiwa.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walinena wahenga. Kule Venice upepo uliusadikisha usemi huo. Ndege ziongozwazo leo kutoka maelfu ya kilomita hazimrudii azitumaye. Aliyebaki kumhukumu ni dhamiri yake.